Nyaya nne na sauti za wazee wa Kalima

Leo nawaletea historia ya kitu kidogo sana: kamba ya chuma laini inayoyeyuka, ile tunaita eteni. Vitabu vya Kiswahili husema kulehemu. Sisi huku Bukavu tunasema kusude. Mimi nimesoma Historia, siyo Elektroniki. Nilifika kwenye habari hii kwa sababu ya shida, na shida yenyewe nilijiletea.

Nilikuwa nimebakiza wiki tatu kabla ya kutetea memwari yangu ya lisansi. Nilikuwa naandika juu ya wafanyakazi wa zamani wa machimbo ya kasiterite katika Maniema, hasa upande wa Kalima. Nilikuwa na kamashini kadogo ka kurekodi sauti. Ndani yake kulikuwa saa 11 za mazungumzo na wazee. Nakala nyingine sikuwa nayo. Ndiyo, najua. Profesa alituambia mara kumi: ukitoka kwa mzee, nakili sauti siku ile ile. Nilikuwa nasema kesho, kesho.

Siku nilipoamua kunakili, nilichomeka kamba kwenye kompyuta na umeme ukakatika. Mdogo wangu akapita kwenye giza, mguu ukanasa kwenye kamba, kamashini ikadondoka kwenye sima. Tundu la kamba liling'oka kabisa, likabaki limening'inia kwenye kamba kama jino. Batri ilikuwa imeisha, na batri ile inachajiwa kupitia tundu lile lile. Basi sauti zilikuwa ndani, nzima, na njia ya kuzitoa haikuwepo tena. Kati ya wale wazee, wawili walikuwa wameshafariki.

Duka la kwanza nililokwenda waliniambia ninunue ingine. Sikuwa na lazima ya kamashini, nilikuwa na lazima ya sauti. Mama mmoja jirani akanielekeza kwa fundi mmoja karibu na soko ya Kadutu, mtu mzima wa miaka kama sitini, ambaye meza yake ni mbao mbili na mwavuli. Alikaangalia, akakageuza, akasema:

“Tundu ya aina hii sina. Lakini nyaya ine zinatosha. Shida ni moja: macho yangu imeisha kwa kazi ya vile. Weye uko na macho ya kijana. Kuya kesho, nitakufundisha.”

“Papa, mimi sijawahi kushika feri.”

“Njo maana nasema kuya.”

Nilienda siku tatu mfululizo, saa nane mpaka saa kumi na moja. Alinipa vibao vya radio zilizokufa nijifunzie. Na mimi, kwa tabia ya wanahistoria, nilikuwa namuuliza kila kitu kimetoka wapi. Mengine alijibu, mengine nilitafuta mwenyewe usiku. Ndiyo hayo nataka kuwapa.

*Njia ya kwanza: kuyeyusha*

Kusude ni kazi ya zamani kuliko umeme. Waroma waliunganisha mabomba yao ya maji ya risasi kwa mchanganyiko wa risasi na eteni. Pliny Mzee aliandika juu ya michanganyiko hiyo katika karne ya kwanza. Ajabu yake ni hii: eteni peke yake inayeyuka kwenye digrii 232, risasi peke yake kwenye 327. Lakini ukichanganya sehemu 63 za eteni na 37 za risasi, mchanganyiko unayeyuka kwenye 183, chini ya zote mbili. Ni kama watu wawili wagumu ambao wakioana wote wanakuwa wapole.

Umeme ulipokuja, ulikuta ufundi huo tayari. Mwaka wa 1844 Samuel Morse alituma ujumbe kwa telegrafu kati ya Washington na Baltimore. Baadaye nyaya zikasambaa kilometa maelfu, na kila mahali waya ulipokatika, mtu alipanda nguzo akaunganisha kwa mikono. Wafanyakazi wa Western Union walikuwa na fundo lao: kila waya unazungushwa mara kadhaa juu ya mwenzake, imara, ili ukivutwa ujikaze zaidi, halafu unasudewa. Fundo hilo halijafa. Hata NASA wameliweka katika kanuni zao za kuunganisha nyaya.

Feri ya wakati ule ilikuwa kipande cha shaba kwenye mpini, kinatiwa kwenye moto kama pasi ya makaa. Mwaka wa 1921 Mjerumani Ernst Sachs alianza kutengeneza feri za umeme kwa ajili ya viwanda. Ni miaka ile ile ambayo watu Ulaya na Marekani walikuwa wanajitengenezea radio nyumbani. Waya ulikuwa mnene, skrubu ilikuwa kubwa, na mtu mwenye macho ya kawaida na mkono wa kawaida aliweza.

Tafadhali shikeni jambo hilo, kwa sababu ndilo linabadilika mbele: zamani ukubwa wa kiungo ulipimwa kwa mkono wa mtu.

*Njia ya pili: kubana*

Katika vita vya pili vya dunia, ndege na meli za vita zilikuwa na nyaya mingi sana, na kusude moja moja kulichelewesha kazi. Mwaka wa 1941, Marekani, mtu anaitwa U. A. Whitaker alianzisha kampuni ya AMP. Bidhaa yao ilikuwa kidude cha chuma ambacho unaingiza waya ndani yake, halafu unakibana kwa koleo maalum. Hakuna moto, hakuna eteni. Ukibana sawasawa, chuma na waya vinashikana mpaka hewa haipiti katikati, na bila hewa kutu haiingii.

Baada ya vita njia hiyo ikaingia kwenye vitu vya nyumbani. Mwaka wa 1957, Osaka, Japani, ikazaliwa kampuni ya J.S.T. Herufi tatu hizo zinatokana na jina lenye maana ya viungo vya Japani visivyo na eteni. Hata kama hamjui jina, fishi zao na za wale walioziiga mmeziona: fungueni taa ya sola, mchezo wa mtoto, radio ndogo, mtakuta kafishi keupe ka plastiki kenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Halafu mambo yakaanza kupungua. Kutoka katikati ya jino moja la fishi hadi katikati ya jingine: milimeta 2.5. Baadaye 2. Baadaye 1.25. Baadaye 1. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea gunia. Kiwandani si shida, mashine inabana. Nyumbani, koleo la kazi hiyo lina bei kuliko kitu chenyewe kinachotengenezwa. Ndiyo sababu fundi wa Kadutu akikuta fishi imekatika, anarudi kwenye njia ya Waroma: anasude.

Tundu langu lilikuwa la jamaa nyingine, USB, iliyotoka mwaka wa 1996 na meno manne mapana. Mwaka wa 2007 ikaja ndogo yake, micro-USB, meno matano yenye kupishana milimeta 0.65. Mwaka wa 2014 ikaja Type-C: meno 24, yenye kupishana nusu milimeta. Matundu hayo hayasudewi kwa mkono kiwandani. Unapakwa uji wa eteni kwenye kibao, vipande vinawekwa na mashine, kibao kinapitishwa kwenye tanuri.

Hakuna mtu aliyekaa kwenye mkutano akasema tumtoe fundi wa Kadutu kwenye kazi. Lakini kila kitu kilivyopungua, kilipimwa kwa mkono wa mashine. Na vitu vile vikiharibika, haviharibikii kiwandani. Vinaharibikia kwetu.

*Na eteni yenyewe inatoka wapi?*

Siku ya pili fundi alinipa mzingo wa eteni. Kwenye karatasi yake kulikuwa 60/40: sehemu 60 eteni, 40 risasi. Nikaushika nikacheka, Papa akauliza kuna nini. Nikamwambia memwari yangu yote ni juu ya kitu hiki, na sijawahi kukigusa kikiwa kimesafishwa. Nilikuwa nimekiona tu kikiwa kasiterite, mchanga mweusi mzito.

Historia yetu na mchanga ule inajulikana na wachache. Wabeljiji walichimba Manono, katika Katanga ya wakati ule, halafu Kalima na sehemu zingine za Maniema na Kivu tangu miaka ya 1930. Mwaka wa 1942, Japani iliposhika Malaya na visiwa vya Waholanzi, nchi za Muungano zilipoteza machimbo yao makubwa ya eteni. Macho yote yakageukia Kongo. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilipandisha kazi ya lazima kwa wanavijiji mpaka siku 120 kwa mwaka. Wazee wangu walikuwa watoto au hawajazaliwa, lakini walisikia kwa baba zao neno “effort de guerre”, na wanalitamka mpaka leo kama jina la ugonjwa.

Mwaka wa 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa Sominki. Hapo ndipo wazee wangu walifanya kazi. Walinihadithia nyumba za kampuni, hospitali, masomo ya watoto, muziki wa Jumamosi, na pia adhabu na mishahara midogo. Kisha tarehe 24 Oktoba 1985, baraza la kimataifa lililokuwa linashikilia bei ya eteni likaishiwa pesa, na soko la metali la London likafunga biashara ya eteni. Ndani ya miezi michache bei ilianguka karibu nusu. Sominki ilijikokota mpaka katikati ya miaka ya 1990, ikafa. Mzee mmoja aliniambia: “Bei ilianguka kule, sisi tukasikia njaa huku.” Sentensi hiyo ilikuwa kwenye kamashini. Nilikuwa naikumbuka kwa kichwa, lakini memwari haiandikwi kwa kichwa.

Sasa sikilizeni namna historia mbili zinakutana. Tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulianza kukataza risasi katika vyombo vingi vya elektroniki, kwa sababu risasi ni sumu. Ilikuwa sheria nzuri. Viwanda vikahamia eteni isiyo na risasi. Mchanganyiko unaotumika sana una eteni asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Hesabu wenyewe: kutoka eteni kama 60 mpaka zaidi ya 96 katika kila tone. Karibu nusu ya eteni yote ya dunia inakwenda kwenye kusude. Sisemi sheria ile peke yake ndiyo iliyoleta yote yaliyofuata, maana China nayo ilikuwa inakua na bei ilikuwa inapanda kwa sababu mingi. Lakini miaka ile ile vijana wetu walikuwa wanatembea ndani ya msitu wa Walikale, kutoka Bisie, na gunia la kilo 50 mgongoni, huku watu wenye silaha wakitoza njiani.

Mwaka wa 2010 Marekani ikaweka kifungu cha 1502 katika sheria ya Dodd-Frank: makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo na majirani. Septemba mwaka huo serikali yetu ikafunga uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Familia mingi zilikosa minervali ya watoto mwaka ule. Kuna wanaonisoma wanaojua hilo kwa mwili wao. Mwaka wa 2012 magunia ya Kalimbi, pale Nyabibwe katika Kalehe, yakaanza kufungwa lebo ili yauzwe bila mashaka. Mwaka wa 2013 kampuni ya Kiholanzi Fairphone ikatia eteni ya Kivu Kusini kwenye uji wa kusude wa telefone yao ya kwanza.

Kwa nini lebo inawekwa kwenye gunia, pale pale shimoni? Kwa sababu eteni ikishayeyushwa kwenye kiwanda cha mbali pamoja na ya Indonesia au ya Bolivia, haina kitambulisho tena. Mzingo wa Papa ulitoka Asia. Labda ndani yake kulikuwa kipande cha Kalima, labda hapana. Hakuna mtu anaweza kuniambia.

*Usiku wa nyaya nne*

Siku ya tatu Papa aliniazima feri yake yenye ncha nyembamba, akaniambia niende kufanyia nyumbani, fasi yenye utulivu. “Hapa watu watakusukuma.” Nawaandikia alivyonifundisha, kwa sababu siku moja mtu kati yenu ataihitaji.

Kwanza, nilikata kamba ya zamani ya USB nikapata nyaya zake nne. Nyekundu ni umeme wa volti 5, nyeusi ni ya kurudi, nyeupe na kijani zinabeba habari. Jino la nne la micro-USB halihitajiki kwa kazi yangu, kwa hiyo meno matano yanataka nyaya nne tu. Lakini nyaya za kamba ni nene kwa viungo vile. Papa alinifundisha kuchukua unywele mmoja tu wa shaba kutoka ndani ya kila waya, kuutumia kama daraja, na waya wenyewe kuufunga na gundi kwenye kibao, ili ukivutwa uvute gundi, usivute kiungo. Kumbe mahali alama za shaba zinang'oka, mara nyingi ni kwa sababu ya kuvutwa.

Pili, kolofani kwanza, ule utomvu wa misonobari. Unasafisha chuma ili eteni ishike. Bila kolofani eteni inajikunja kama tone la maji juu ya jani la mgomba.

Tatu, paka eteni kidogo upande wa waya, paka kidogo upande wa kibao, kila upande peke yake. Halafu leta viwili pamoja, gusa na feri, hesabu moja, mbili, ondoa. “Kama umefika tatu, umeshaunguza,” alisema Papa. Haulazimishi. Ukikosa, acha kipoe, rudia.

Nne, kwa macho: nilisimamisha telefone juu ya vitabu, kamera nikaiongeza, nikafanya kazi nikiangalia kioo. Madirisha wazi, kwa ajili ya moshi. Na baada ya kazi mikono kuoshwa kabla ya kula, kwa sababu 60/40 ina risasi.

Umeme ulirudi saa nne ya usiku. Waya wa kwanza ulinichukua dakika arobaini. Wa pili ulishika mara moja, nikajisifu. Wa tatu ukagusana na wa pili, ikabidi nitoe yote miwili. Saa saba kasoro nilikuwa na nyaya nne zimesimama. Nikapima kwa testeri kama nyekundu na nyeusi hazigusani, maana hizo zikigusana unaweza kuunguza kila kitu, na kompyuta pia. Hazigusani. Nikachomeka.

Kompyuta ikaandika kwamba chombo hakitambulikani.

Nilikaa pale. Niliwafikiria wale wazee wawili. Mmoja alinipa kiti chake akakaa juu ya jiwe, kwa sababu nilikuwa “mutu ya iniversite”. Nilifikiria kumwandikia profesa. Halafu nikakumbuka Papa alivyosema: rangi haisemi ukweli kila mara, na wewe pia husomi sawa ukichoka. Nikarudi kwenye telefone, nikapanua picha. Jino la pili na la tatu: nyeupe na kijani nilikuwa nimezibadilisha. Kosa hilo haliunguzi kitu, kompyuta na chombo haviskilizani tu. Nikazigeuza. Mkono ulikuwa umeshazoea, dakika kumi na tano zikatosha.

Saa nane na robo kadirisha kakafunguka kwenye kioo, na majina ya sauti yakajipanga, moja mpaka kumi na tisa. Sikufurahi kwa kelele, watu walikuwa wamelala. Nilinakili mara tatu, fasi tatu tofauti. Halafu nikaweka masikioni ile ya mzee aliyenipa kiti. Alikuwa anaeleza namna ya kuosha kasiterite kwenye mto: mchanga mwepesi unakwenda na maji, mzito unabaki.

Nilitetea memwari yangu kwa tarehe iliyopangwa. Nilimrudishia Papa feri yake, nikampelekea na nakala ya ukurasa wa shukrani, ambapo jina lake liko juu ya majina mengine. Aliangalia, akaikunja, akaiweka mfukoni, akarudi kwenye radio ya mtu.

Wandugu, sisi wenye diploma tunapita mbele ya meza kama ile kila siku, na wengi wetu tunaona ni kazi ya aliyekosa masomo. Mimi pia niliona vile. Lakini yeye alijua mambo ambayo mimi, mtaalamu wa eteni kwenye karatasi, sikuyajua: inayeyuka wapi, inashika wapi, inakataa wapi. Na vitu vinazidi kuwa vidogo, na macho yake yanazidi kuchoka. Ukiwa na masaa yasiyo na kazi, na tunayo mengi, nenda kaa pembeni ya meza moja. Muulize. Andika. Shika feri.

Na wewe mwenye sauti za wazee kwenye chombo kimoja tu, acha kusoma sasa hivi, kwenda nakili.